UZI: "Tutawatafutia soko la nje". Historia ya ahadi inayorudi kila uchaguzi

1/
Wakenya wenzangu, kuna sentensi moja ambayo hakuna mgombea huisahau akishika maikrofoni: "Mkinichagua, mazao yenu yatauzwa ng'ambo." Akiwa Murang'a ni parachichi. Makueni ni embe. Kilifi ni korosho. Nakuru na Nyandarua ni pareto. Meru ni miraa. Umati unashangilia, msafara unaondoka na vumbi lake, na broka anabaki pale pale kando ya barabara akinunua kwa bei anayoitaka yeye.

2/
Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Anayetafuta vita vya timu fulani na timu fulani hapa hapati kitu. Ninachotaka ni turudi nyuma miaka mia moja na ushee tuone: ni lini kijiji cha Kenya kiliunganishwa na soko la dunia kikafaidika, ni lini kiliunganishwa kikaumia, na tofauti ilikuwa wapi. Ni mrefu. Chukua chai, maana nayo imo kwenye hadithi.

3/
Tuanze na reli. Ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Haikupangwa kwa ajili ya mkulima wa hapa. Waingereza walitaka kufika ziwani na Uganda. Ilipokamilika, swali likawa: mzigo wa kuilipia gharama utatoka wapi? Jibu lao lilikuwa kuwapa walowezi ardhi ya nyanda za juu walime vitu vya kuuza nje. Kwa hiyo mpango wetu wa kwanza wa uchumi wa mashinani ulichorwa kuanzia bandarini kuja bara. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza mwenye boma ana nini cha kuuza.

4/
Matawi ya reli yaliyofuata yalielekea zaidi kwenye mashamba ya walowezi. Maeneo ya Waafrika yakabaki kuwa mahali pa kutoa vibarua. Na kibarua alipatikanaje? Kodi ya nyumba, iliyotakiwa kulipwa kwa pesa taslimu. Huna pesa, nenda ukalime kwa Mzungu. Ukisikia leo watu wakibishana kwa nini eneo hili lina lami na lile halina, jua kwamba kalamu ya kwanza iliyochora ramani hiyo ina zaidi ya karne.

5/
Sasa kahawa. Wamisionari Wafaransa waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893. Ikashika vizuri sana huko Kiambu na kwingineko. Lakini kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Sababu zilizotolewa: ati magonjwa yatasambaa, ubora utashuka, wizi utaongezeka. Sababu ambayo haikusemwa kwa sauti: mtu mwenye mibuni yake haendi kuchuma ya mwingine kwa senti chache.

6/
Katika miaka ya 1930 wakaruhusu kidogo: Meru, Embu na Kisii. Angalia ramani uone zilivyo mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Na hata huko, idadi ya miche iliwekewa kikomo. Kwa hiyo kufuli ya kwanza ya soko la nje ilikuwa sheria. Barabara na kiwanda vilikuja nyuma yake. Shikilia hilo neno, sheria, tutalirudia tukifika kwenye kaunti.

7/
1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikaja na Mpango wa Swynnerton, uliobeba jina la afisa wa kilimo, Roger Swynnerton. Uingereza ikatoa pauni milioni 5. Mpango ulisema: vipande vya ardhi viunganishwe, watu wapewe hatimiliki, Waafrika waruhusiwe kulima kahawa, chai na pareto, wapewe mafunzo na mikopo.

8/
Mtu anaweza kusema huo ulikuwa mpango mzuri, na kwa upande wa mazao ulifanya kazi: mapato ya mkulima mdogo yalipanda. Lakini ulikuwa na siasa ndani yake. Lengo mojawapo lilikuwa kujenga tabaka la wakulima wenye mali ambao hawatataka kurudi msituni. Waliokuwa kizuizini wakati ardhi inapimwa, wengi walitoka wakakuta shamba lina jina la mwingine. Mpango ule ule uliomuunganisha jirani mmoja na London ulimwacha mwingine bila pa kusimama. Kila mpango wa maendeleo una anayehesabiwa na asiyehesabiwa. Swali ni nani anashika daftari.

9/
Uhuru ukaja. 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kuna hoja ambayo watu wa Kaskazini wanaijua kwa moyo hata bila kuusoma: kwamba pesa za maendeleo ziwekwe kwanza palipo na ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa sababu hapo zitazaa haraka, kisha matunda yagawiwe kwingine. Yaani palipo na reli paongezewe. Zile nyanda za mifugo, ambazo zingeweza kuwa chanzo kikubwa cha nyama na ngozi za kuuza nje, zikaambiwa zisubiri. Ukiuliza kwa nini leo ugatuzi ni suala la kufa na kupona kwa watu wa Wajir au Turkana, jibu mojawapo liko kwenye waraka huo.

10/
Lakini miaka hiyo hiyo kuna jambo lilifanyika ambalo dunia nzima imekuja kulisoma: chai ya mkulima mdogo.

Chai ina tabia moja. Jani likichumwa, lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo limeharibika. Huwezi kuliweka stoo ukingoje bei. Walowezi na makampuni walisema ndiyo maana chai ni ya mashamba makubwa tu. Mkulima wa ekari moja hataiweza.

11/
1957 kiwanda cha Ragati, Nyeri, kikaanza kusindika majani ya wakulima wadogo. 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao hayo maalum, na 1964 ikazaliwa KTDA. Angalieni walivyopanga, kwa sababu somo lote liko hapa:

Vitalu vya miche vilisimamiwa. Vituo vya kupokelea majani viliwekwa karibu kiasi cha mama kufika na kikapu mgongoni. Barabara za chai zilijengwa kuunganisha vituo na kiwanda. Lori lilikuja kwa ratiba. Kiwanda kilijengwa pale ambapo majani ya kutosha yalikuwa yameshapandwa.

12/
Halafu malipo. Mkulima alipata malipo ya kwanza kila mwezi, kidogo lakini ya uhakika, na mwisho wa mwaka bonasi kulingana na bei chai ilivyouzwa. Baadaye wakulima wakawa wenye hisa katika viwanda vyenyewe. Chai nyingi huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, uliohamia huko kutoka Nairobi 1969, na bei zake hutangazwa. Hujui Kiingereza cha mnunuzi wa Pakistan au Misri, lakini unajua kilo zako, unajua kiwanda chako, na unajua bei iliyopatikana.

13/
Leo wakulima wadogo wa chai ni zaidi ya 600,000, na wanatoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Hakuna nchi nyingi zinazoweza kusema hivyo.

Je, ni peponi? Hapana. Kila msimu wa bonasi kuna kelele, hasa mashariki ya Bonde la Ufa akipata nono na magharibi akipata nyembamba. Kuna malalamiko ya usimamizi, ya gharama, ya madeni ya viwanda. Sheria ya Chai ya 2020 ilitungwa kwa sababu ya malalamiko hayo. Lakini tofautisheni: huyu analalamika juu ya kiasi cha bonasi. Wengine tunaokuja kuwaona hawakulipwa kabisa.

14/
Kahawa ilipanda ikashuka. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000. Miaka ya karibuni tunacheza kati ya tani 40,000 na 50,000 hivi. Ilikuwaje?

Moja, dunia. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza ulivunjika Julai 1989 na bei ikaporomoka. Mbili, nyumbani. Vyama vya ushirika vilikuwa na madeni, vikagawanyika vipande vipande kwa siasa za uongozi, na mkulima alikuwa analipwa wa mwisho baada ya kila mtu kukata chake. Tatu, karibu na Nairobi, ploti ililipa kuliko mbuni. Mtu mmoja akikwambia kahawa iliuawa na Wazungu, na mwingine akikwambia iliuawa na ushirika, wote wana nusu ya ukweli.

15/
Pareto inauma zaidi. Kenya ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia nzima. Yale maua meupe ya Molo, Kinangop na Kisii ndiyo yaliyotengeneza dawa ya wadudu nyumbani kwa Mmarekani. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, bodi ya serikali kule Nakuru. Malipo yakaanza kuchelewa. Miezi, kisha miaka. Mkulima anakausha maua, anapeleka, anapewa karatasi. Akang'oa akapanda viazi. Nani angemlaumu?

Wakati sisi tunangoja hundi, Tasmania, Australia, walikuwa wanapanda kwa mashine. Wakatupita. Mabadiliko ya sheria ya 2013 yalifungulia makampuni binafsi mlango, lakini mnunuzi wa dunia akishakuzoea kukukosa, kumrudisha ni kazi ya miaka mingi.

16/
Korosho za Pwani. Miaka ya 1970 Kilifi ikapata kiwanda kikubwa cha kubangua. Kikaajiri watu, hasa akina mama, na mikorosho ikawa benki ya familia nyingi. Miaka ya 1990 kikabinafsishwa, kisha kikafa. Baada ya hapo korosho ghafi zikawa zinapakiwa kwenda kubanguliwa India. 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza korosho ghafi nje ili kulinda viwanda vya hapa.

Lakini marufuku haipandi miti. Mikorosho mingi ilikuwa imezeeka, na bila ushindani bei shambani ilibaki mikononi mwa wanunuzi wachache. Kiwanda bila mikorosho michanga na bila chama cha wakulima chenye nguvu kinabaki kuta tupu.

17/
Hapo kuna mjadala wa haki kabisa, na sitaki kuufunga. Upande mmoja unasema: tukiuza makadamia na korosho ghafi tunauza ajira za vijana wetu, kwa hiyo marufuku ibaki. Upande mwingine unasema: ukimzuia mnunuzi wa nje, mwenye kiwanda wa ndani anapanga bei anavyotaka, na anayelipa ulinzi huo ni mkulima. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo anayependekeza marufuku aulizwe swali la pili: bei ya chini ya mkulima utailinda vipi? Na anayependekeza kuifuta aulizwe: ajira za kubangua utazileta vipi?

18/
Rudi kwenye mipango. 1983 ikaja sera ya kulenga maendeleo wilayani. Wazo lilikuwa zuri: miradi ipangwe wilayani, na kamati ya maendeleo ya wilaya. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa DC, na mfuko ulikuwa Nairobi. Wilaya iliandika orodha ya mambo inayotamani, wizara ikachagua itakayolipia. Wazee wetu walikaa kwenye baraza, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. Kupanga bila pesa ni kutamani tu.

19/
Wakati huo huo sekta nyingine ilikua kimya kimya: mboga na maua. Mishiri, yale maharagwe mabichi membamba, ilianza kupanda ndege usiku Nairobi na kuwa sokoni Ulaya asubuhi yake. Mkulima wa Kirinyaga au Machakos mwenye robo ekari na mfereji wa maji aliweza kuingia. Hapa serikali haikuwa mnunuzi; wauzaji binafsi ndio waliotafuta soko, na mamlaka ya mboga na matunda, iliyoundwa 1967, ilisimamia tu.

Kisha kufuli mpya ikaja: viwango.

20/
Maduka makubwa ya Ulaya yakaanza kudai rekodi. Ulipuliza dawa gani? Lini? Ulingoja siku ngapi kabla ya kuchuma? Choo cha wachumaji kiko wapi? Stoo ya dawa ina kufuli? Kupata cheti kuligharimu pesa, na wakulima wadogo wengi wakaachwa njiani. Januari 2013 Umoja wa Ulaya ukaongeza ukaguzi wa mishiri na njegere za Kenya hadi asilimia 10 ya shehena, baada ya mabaki ya dawa kupatikana. Shehena ikishikwa, gharama haisimami kwa aliyepuliza. Inawashukia wote.

Ndiyo maana Waswahili wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shambani limekuwa tiketi ya ndege.

21/
Embe ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. 2003 nzi mgeni wa matunda aligunduliwa Pwani ya Kenya. Jike hutaga mayai ndani ya tunda. Wewe unaona embe safi, forodha ya Ulaya inaona mabuu. 2014 Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka embe Ulaya badala ya kungoja kufungiwa. Mlango haukufunguka tena hadi 2021.

Sasa fikiria kazi ya kumshinda nzi huyu. Unaweka mitego. Unaokota kila embe lililoanguka na kulizika. Lakini jirani akiacha yake yaoze chini ya mti, nzi wake ni nzi wako. Hakuna mkulima anayeweza kuuza embe nje peke yake. Ni kata nzima, ama hakuna.

22/
Ndiyo maana Makueni waliposhughulikia embe katika miaka ya mwanzo ya ugatuzi, ilibidi waende pande mbili: kiwanda cha kukamua rojo Kalamba kwa embe lisilofikia daraja la kusafiri, na maeneo ya kudhibiti nzi kwa lile linalofikia. Pointi yangu hapa ni mantiki yake. Palikuwa na mahali pa kwenda kwa tunda la daraja la kwanza na mahali pa kwenda kwa tunda la daraja la pili. Mkulima ambaye embe lake dogo halina pa kwenda ndiye anayemuuzia broka lote kwa bei ya kutupa.

23/
Parachichi nalo lina funzo. 2019 China ilikubali parachichi zetu, lakini zikiwa zimegandishwa. Tukashangilia kwenye magazeti. Wenye mitambo ya kugandisha walikuwa wachache mno. Agosti 2022 ndipo shehena ya kwanza ya matunda mabichi ikaenda, kutoka mashamba na vituo vya kupakia vilivyosajiliwa na kukaguliwa. Soko lililotangazwa na soko linalofikika ni vitu viwili. Kati yake kuna chumba cha baridi, umeme wa uhakika, mkaguzi, na mtu wa kumzuia broka asivune matunda machanga mwezi usio wake.

24/
Na miraa inatukumbusha kwamba kuna mambo hakuna gavana anayeyaweza. Uingereza ilipoiweka kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku Juni 2014, soko la miaka mingi lilikatika ghafla. Somalia ikafunga 2020, ikafungua 2022. Mkulima wa Igembe hakuwa amekosea chochote shambani. Eneo linalotegemea zao moja na mnunuzi mmoja linalala na simu ya mtu mwingine chini ya mto.

25/
Sasa Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linagawa kazi. Kaunti: kilimo, barabara za kaunti, masoko, vyama vya ushirika. Serikali kuu: sera ya kilimo, biashara na nchi za nje, viwango, bandari, barabara kuu. Mnaona tatizo? Safari ya embe inaanza mikononi mwa gavana na inamalizikia mikononi mwa waziri. Kwa hiyo gavana akisema "nitawapa soko la nje", ameahidi kitu ambacho nusu yake si yake. Na mbunge akiahidi hivyo hivyo, hana hata hiyo nusu. Kazi yake ni kutunga sheria na kusimamia bajeti ya kitaifa.

26/
Cha kaunti ni hiki: Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ile CIDP. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe nao kwa miaka mitano, na sheria hiyo hiyo haitaki pesa za umma zitengwe nje ya mipango. Ya kwanza ilikuwa 2013 hadi 2017, ya pili 2018 hadi 2022, na tuliyo nayo ni 2023 hadi 2027. Kila mwaka, ifikapo Septemba 1, kaunti huwasilisha mpango wa mwaka bungeni kwao. Wilaya ya 1983 ilikuwa na orodha bila mfuko. Kaunti ina vyote viwili. Tofauti hiyo si ndogo, tusiidharau.

27/
Lakini nimekaa kwenye vikao vya maoni ya umma, na nitasema nilichokiona. Karatasi zinagawiwa asubuhi ile ile. Ukurasa wa mazao na masoko unasomwa dakika tano. Watu wanaomba basari, kisima na greda ipite kwao, na hawana makosa, kwa sababu hayo ndiyo wanayoyaona. Mzee mmoja aliuliza, "Hili soka la kisasa mnalotujengea, gari la mzigo litaingilia wapi?" Ukumbi ukacheka kwa sababu aliteleza akasema soka badala ya soko. Swali lake halikujibiwa. Na lilikuwa ndilo swali bora la siku ile.

28/
Kwa maana historia yote niliyoieleza inasema jambo moja. Mahali soko la nje lilipomfaidi mwananchi, lilianzia shambani kuelekea nje: miche, kituo cha karibu, barabara ya kufikia kituo, mizani ya haki, malipo ya kila mwezi, kisha kiwanda. Lilipokufa, lilianzia kwa kiwanda na utepe wa kukatwa, au lilimfanya mkulima awe wa mwisho kulipwa. Chai haikufaulu kwa sababu Wakenya wa mlimani ni wachapakazi kuliko wa Pwani. Ilifaulu kwa sababu mtu alikaa akahesabu kilomita kati ya shamba na mizani.

29/
Kuna wanaosema: kwa nini tuhangaike kulisha Ulaya wakati Turkana kuna njaa? Ni hoja nzito, siikwepi. Shamba lote likiwa parachichi na bei ikianguka, hamli parachichi mwaka mzima. Lakini barabara, chumba cha baridi na daftari vinavyopeleka embe Dubai ndivyo vinavyopeleka embe Garissa bila kuoza. Kaunti ikijenga njia vizuri, mkulima anachagua soko. Asipokuwa na njia, anachaguliwa na broka.

30/
Na kufuli inayofuata iko njiani. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2023 sheria inayotaka kahawa na mazao mengine kadhaa yathibitishwe kuwa hayakutoka kwenye msitu uliokatwa, pamoja na alama za mahali shamba lilipo. Utekelezaji umeahirishwa, haujafutwa. Wakati huo huo mkataba wa biashara kati yetu na Ulaya umeanza kufanya kazi Julai 2024, kwa hiyo ushuru sio kizuizi kikubwa tena. Kizuizi ni kupima mashamba ya maelfu ya wakulima wadogo. Nani anapima? Nani analipa? Na ramani hizo zitakuwa mali ya nani: mkulima, ushirika, au kampuni? Mkumbuke 1954 na daftari la ardhi.

31/
Basi 2027 inakuja. Mgombea akisema "soko la nje", usimzomee na usimshangilie. Muulize zao gani, na linauzwa wapi sasa. Kituo cha karibu kitakuwa kilomita ngapi kutoka kwa mkulima wa mwisho. Mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, na nani ana hisa. La daraja la pili litaenda wapi. Mnunuzi akifunga mlango kama Uingereza ilivyofunga kwa miraa, mpango wa pili ni upi. Na haya yote yako ukurasa gani wa CIDP, na yametengewa shilingi ngapi mwaka huu.

32/
Akijibu, andika. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa hudaiwa kwa kelele tu. CIDP ya 2023 hadi 2027 ni hati ya umma. Omba nakala ofisi ya kaunti au kwa MCA wako, ufungue sehemu ya kilimo na biashara, uone zao la kwenu limeandikwa nini. Kisha nenda kwenye kile kikao cha maoni ukiwa umeshaisoma, mapema kabla karatasi hazijagawiwa. Mpango unaofuata, wa kuanzia 2028, utaandikwa na watakaokuwa chumbani.

Mwisho wa uzi.